Kibubu cha Jesse Livermore

Miaka michache iliyopita binamu yangu alinitumia kitabu kwenye WhatsApp. Kurasa zilikuwa zimepigwa picha vibaya, nyingine zimelala ubavu. Chini yake aliandika: "Kaka, soma hiki. Huyu jamaa soko likipanda anakula, likishuka anakula vilevile." Wakati huo alikuwa ameshauza bodaboda yake, sehemu ya hela kalipia kozi ya mwezi mmoja ya kutrade kwa simu, na iliyobaki kaiweka kama mtaji. Mimi ni mwandishi wa habari. Hisa nazijua kwa kuandika taarifa za mikutano ya wanahisa, basi. Lakini kitabu ni kitabu. Nilikisoma kwa siku mbili, na nikiri mapema kwamba kilikuwa kitamu kuliko riwaya nyingi nilizosoma mwaka ule. Nadhani shida ilianzia hapo hapo kwenye utamu.

Kitabu chenyewe ni Reminiscences of a Stock Operator cha Edwin Lefèvre, kilichotoka New York mwaka 1923. Kabla ya kuwa kitabu kilitoka kwa sehemu kwenye jarida la Saturday Evening Post, kuanzia 1922. Lefèvre alikuwa mwandishi wa habari, mzaliwa wa Colón huko Panama, mtu aliyeandika habari za Wall Street kwa miaka mingi. Alikaa na mfanyabiashara mmoja wa hisa, akamsikiliza, kisha akaandika kwa nafsi ya kwanza kana kwamba anayezungumza ni huyo mfanyabiashara. Mhusika akampa jina la Larry Livingston. Kila mtu pale New York alijua Livingston ni nani: Jesse Livermore.

Sisi tunaofanya kazi hii tunajua kinachotokea ukimwandika mtu kwa sauti yake. Maneno yake yananyooka. Makosa yake yanageuka kuwa mafunzo. Na lazima hadithi uifunge mahali fulani. Lefèvre aliifunga mwaka 1923, Livermore akiwa juu. Karne moja baadaye, vijana wa Dar, Nairobi na Kampala wanajifunza kutoka kwenye kitabu ambacho maisha ya mwenyewe yalikuwa hayajafika mwisho. Mimi nataka tuyasome hayo maisha hadi mwisho.

Livermore alizaliwa Massachusetts mwaka 1877, kwenye familia ya wakulima wasio na kitu. Hesabu alikuwa nazo kichwani. Alipofika miaka 14 baba yake alimtoa shule ili ashike jembe, lakini mama yake akamsaidia kutoroka, na kijana akaingia Boston. Kazi aliyoipata ilikuwa kuandika bei za hisa kwa chaki ubaoni, katika ofisi ya madalali wa Paine Webber. Mashine ya telegrafu ilikuwa ikitema utepe wa karatasi wenye bei kutoka New York, mtu anausoma kwa sauti, kijana anaandika. Wenzake waliona namba tu. Yeye alianza kuona zinavyotembea. Akanunua daftari dogo, akawa anaandika bei ya leo, anabashiri ya kesho, kisha anarudi kujisahihisha.

Siku moja mwenzake mkubwa kidogo akamshirikisha kwenye dau la dola 5 juu ya hisa za reli ya Burlington. Livermore akaangalia daftari lake, akakubali. Faida yake ikawa dola 3 na senti 12. Alikuwa na miaka 15 hivi.

Dau hilo hawakuliweka kwenye soko la hisa. Waliliweka kwenye kile Wamarekani walichokiita duka la ndoo, na hapa naomba tusimame kidogo, maana duka hili bado lipo, limebadili nguo tu. Unaingia, unaona ubao wa bei, unamwambia karani nataka hisa kumi za kampuni fulani, unaweka dhamana ndogo, tuseme dola moja kwa kila hisa. Bei ikipanda dola moja umepata dola kumi. Ikishuka dola moja dhamana yote imekwenda na biashara imeisha. Lakini hakuna hisa yoyote iliyonunuliwa popote. Mwenye duka hakutuma oda New York. Hela unayoipoteza wewe anaitia mfukoni yeye, na unayoshinda inatoka kwake. Kwa lugha ya mtaani kwetu, lile lilikuwa banda la kubeti, na mkeka wako ulikuwa bei ya hisa.

Kwa hiyo duka lilikuwa linaombea wateja wake washindwe. Wengi walishindwa. Livermore hakushindwa, na maduka yalianza kumfukuza. Alibadilisha jina, akajigeuza sura, akahama miji. Wakampa jina la utani la kumsema kama kijana anayejitosa mzimamzima. Hatimaye ikabidi aende New York, kwenye soko lenyewe.

Hapa ndipo tukutane na lile jambo lililomvutia binamu yangu: kula soko likishuka. Linasikika kama uchawi, lakini fikiria mahindi. Mwezi wa nne, ghala zimekauka, gunia linauzwa laki moja. Wewe huna mahindi. Unakwenda kwa jirani mwenye akiba, unaazima gunia moja, unaahidi kulirudisha gunia kwa gunia baada ya mavuno. Unaliuza siku hiyo hiyo kwa laki moja. Mavuno yakija bei imeshuka hadi elfu sitini; unanunua gunia, unamrudishia jirani, elfu arobaini zinabaki kwako. Ndivyo wanavyofanya na hisa: unaazima, unauza, unasubiri ishuke, unanunua, unarudisha. Sasa geuza upande wa pili. Mvua ikigoma na gunia likafika laki mbili, bado unadaiwa gunia. Aliyenunua kitu anaweza kupoteza bei aliyonunulia tu. Aliyeuza cha kuazima hana mwisho wa hasara, kwa sababu bei haina dari.

Mchezo huu si wa Wamarekani. Una umri karibu sawa na masoko ya hisa yenyewe. Amsterdam, mwaka 1609, mfanyabiashara Isaac Le Maire, ambaye alikuwa ameondoka kwa ugomvi kwenye Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, aliunda kikundi cha siri na wenzake. Wakauza hisa za kampuni hiyo ambazo hawakuwa nazo, kwa ahadi ya kuzikabidhi baadaye, wakitegemea bei ianguke. Wakurugenzi wa kampuni wakapeleka malalamiko serikalini, wakisema wanaoumia ni wajane na yatima wenye hisa. Mwezi wa pili mwaka 1610 ikapigwa marufuku kuuza hisa usiyokuwa nayo. Kikundi cha Le Maire kikavunjika kwa hasara. Alifariki mwaka 1624, na jiwe la kaburi lake linakiri kwamba alipoteza mali nyingi sana katika biashara zake, ila heshima alibaki nayo.

Amsterdam hiyo hiyo ndiyo iliyotoa kitabu cha kwanza duniani kuhusu soko la hisa, Confusión de confusiones cha Joseph de la Vega, mwaka 1688, kwa Kihispania. Ni mazungumzo ya watu watatu: mwanafalsafa, mfanyabiashara na mtu wa hisa. Mle ndani tayari kuna makambi mawili, wanaoombea bei ipande na wanaoombea ishuke, na kila kambi ina hofu zake. Mpenda fasihi anayedhani uchumi hauna chakula chake, ajaribu kuanzia hapo.

Turudi New York. Mei 1901 matajiri wawili wa reli, Harriman na Hill, kila mmoja na mabenki yake nyuma, walikuwa wananyang'anyana kampuni ya Northern Pacific. Hisa zikawa hazipatikani sokoni. Wale waliouza za kuazima wakabanwa, na tarehe 9 Mei bei ya hisa moja ikafika dola 1,000. Ili kupata hela za kujikomboa, wakawa wanatupa hisa nyingine zote walizokuwa nazo. Soko zima likaporomoka kwa saa chache kisha likaruka tena.

Kitabuni, Livingston aliyaona yote hayo mapema. Alipanga kuuza asubuhi na kununua chini kabisa. Alikuwa sahihi. Na siku hiyo hiyo alipoteza dola 50,000, yaani kila alichokuwa nacho. Vipi? Kwa sababu kwenye duka la ndoo bei unayoiona ubaoni ndiyo unayopewa. Kwenye soko lenyewe oda yako lazima itembee hadi imfikie mtu wa kununua, na siku ya vurugu utepe unachelewa. Alipoona bei ya 100 na kusema uza, hisa zake ziliuzwa chini sana ya hapo. Alipoona bei ya chini na kusema nunua, tayari ilikuwa imepanda. Alikuwa anasoma historia akidhani anasoma habari za sasa hivi.

Ukurasa huo nilimtumia binamu yangu. Nilimuuliza: hiyo programu uliyopewa kwenye kozi, ukibonyeza nunua, kuna kitu kinanunuliwa? Nani yuko upande wa pili? Akanijibu kwa emoji ya kucheka.

Ada ya 1901 Livermore aliilipa akajifunza. Masika ya 1906, akiwa mapumzikoni, alianza kuuza hisa za reli ya Union Pacific, rafiki yake akimshangaa, maana soko lilikuwa linapanda. Kitabu kinamwonyesha mwenyewe akishindwa kueleza kwa nini. Tarehe 18 Aprili tetemeko likaibomoa San Francisco. Soko lilichukua siku kadhaa kutambua ukubwa wa maafa, kisha likashuka. Akavuna dola 250,000. Wengine huikumbuka hadithi hiyo kwa ule utabiri. Mimi nakumbuka kwamba faida ilitoka kwenye mji uliokuwa unaungua.

Mwaka uliofuata hakutegemea hisia. Mwaka 1907 aliona kwa macho: makampuni yanauza hisa mpya na wanunuzi wanaomba walipe kidogo kidogo. Maana yake fedha zimekauka. Akawa anauza, anangoja, anaongeza. Tarehe 24 Oktoba 1907 wanaohitaji mkopo wa siku moja pale sokoni hawakupata hata kwa riba ya kutisha. J.P. Morgan ikabidi awaite wakuu wa mabenki na kukusanya takriban dola milioni 25 ndani ya dakika chache ili soko lisifungwe. Siku hiyo Livermore alitengeneza zaidi ya dola milioni moja. Kitabuni, ujumbe unamfikia kutoka kwa wenye mabenki: tafadhali usiuze zaidi. Angeendelea, angeweza kuvunja kila kitu, pamoja na hao waliokuwa wanamdai na aliokuwa anawadai. Akaacha. Akageuka na kununua, na bei zilipopanda akapata tena.

Huu ndio ukurasa ambao wafundishaji wa kozi wanaupenda. Kijana wa shambani, miaka 30, kala soko likishuka, kala likipanda, na wakubwa wamempigia magoti. Kama kitabu kingeishia hapo, mimi pia ningeuza pikipiki.

Kilichofuata ni pamba. Mwaka 1908 mtaalamu mmoja wa pamba, mwenye maneno matamu na takwimu tele, alimshawishi anunue. Livermore, mtu aliyekuwa na kanuni ya kutomsikiliza mtu, alimsikiliza. Bei ilishuka, akaongeza. Ikashuka, akaongeza tena, huku akiuza ngano aliyokuwa anapata nayo faida ili alishe hasara ya pamba. Alifanya kila kitu alichojua hakifanywi. Mamilioni yaliyeyuka, na miaka michache baadaye alikuwa muflisi mwenye deni la zaidi ya dola milioni moja.

Alirudi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, biashara ilipochangamka. Kisheria madeni yale ya zamani hayakumbana tena. Aliyalipa yote. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo la busara kuliko yote kitabuni, na limepewa kurasa chache mno. Aliweka fedha kwa ajili ya mkewe na mwanawe kwenye mfuko wa dhamana uliofungwa kisheria kiasi kwamba yeye mwenyewe asingeweza kuugusa.

Kwetu tunaita kibubu. Kile cha mbao, chenye tundu la kuingizia tu, ambacho ukitaka hela lazima ukivunje na majirani wasikie. Livermore alikuwa ameusoma utepe wa bei kwa miaka 25, na katika kusoma huko alimwona mtu mmoja ambaye hakumwamini kabisa, naye ni Livermore. Akajengea ukuta dhidi yake.

Kitabu kinaisha katika miaka hiyo. Maisha yakaendelea. Septemba 1929 kipimo cha hisa cha Dow Jones kilifika 381. Marekani nzima ilikuwa inanunua kwa mkopo. Livermore alianza kuuza, akapata hasara kidogo, akasubiri, akauza tena. Oktoba 28 na 29 soko likapasuka, likipoteza zaidi ya asilimia 10 kila siku. Inakadiriwa alipata karibu dola milioni 100. Magazeti yakamwita dubu mkubwa wa Wall Street, maana kwa lugha yao dubu ni anayeombea bei ishuke na fahali ni anayeombea ipande. Watu wakamlaumu kwamba ameivunja nchi, na barua za kumtishia kumuua zikaanza kuingia. Ni malalamiko yale yale ya Amsterdam, wajane na yatima. Ukweli ni kwamba mtu mmoja hawezi kuangusha soko lililojengwa na mikopo ya mamilioni ya watu. Lakini huwezi kuwalaumu watu waliopoteza nyumba wakamchukia aliyekuwa anacheka siku hiyo.

Kipimo kile kilipofika Julai 1932 kilikuwa 41. Kutoka 381 hadi 41. Mtu aliyejua kula soko likishuka alikuwa amepewa mteremko mkubwa kuliko wote katika historia ya nchi yake, akiwa na mtaji wa dola milioni 100. Na mwezi ule ule soko lilianza kupanda, na kupanda nako alikujua.

Machi 1934 alijitangaza muflisi. Mali aliyoorodhesha ilikuwa dola 84,000. Madeni yalikuwa dola milioni 2.5.

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi nikiiandika makala hii. Miaka mitano tu. Ndoa ilikuwa imevunjika mwaka 1932, mwaka 1934 serikali ilitunga sheria na kuanzisha tume ya kusimamia masoko, na mbinu kadhaa za zamani zikawa kosa. Hayo yote yana uzito wake. Lakini hata uyajumlishe vipi, yanabaki maelezo ya mtu aliyekuwa hodari wa kupata na si wa kukaa na alichopata. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Livermore alikuwa na daftari tangu utotoni. La bei lilikuwa safi kabisa. La nyumbani ndilo lililomshinda.

Mwaka 1940 alitoa kitabu chake mwenyewe, How to Trade in Stocks. Hakina hadithi kama cha Lefèvre. Kinaeleza namna ya kuandika bei kwa mkono kwenye safu, wino mweusi kwa mwelekeo huu na mwekundu kwa ule, ili ujue soko limegeuka kweli au limekohoa tu. Kinasema usiongeze hela kwenye hasara. Kinasema usibashiri, subiri soko lithibitishe. Na kuna ushauri mmoja ambao ukiusoma ukijua maisha yake, unashusha kitabu mezani: kila ukimaliza biashara iliyokupa faida kubwa, chukua nusu ya faida, iondoe sokoni, kaifungie. Kibubu tena. Kitabu hakikuuzika vizuri. Watu walikuwa wamechoka na hisa.

Tarehe 28 Novemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 63, Livermore alijiua katika hoteli moja ya New York. Alikuwa amesumbuliwa na sonona kwa muda mrefu, na sitajifanya kwamba hesabu za soko zinaeleza kila kitu kuhusu kifo cha mtu.

Ila hesabu zinaeleza kitu kuhusu vitabu. Kile cha 1923, kinachoishia kwenye ushindi, ndicho kinachozunguka kwenye simu zetu. Cha 1940, kilichoandikwa na mtu aliyekwishapoteza, kinasomwa na wachache. Na maisha yenyewe, ambayo ni kitabu cha tatu, hayamo kwenye kozi yoyote ya mwezi mmoja. Je, mtu anaweza kujifunza kupata faida soko likipanda na likishuka? Livermore anajibu ndiyo: alijifunza, ilimchukua miaka 15 na kufilisika mara kadhaa, na alikuwa na kichwa ambacho wengi wetu hatuna. Mwishoni akabaki na dola 84,000 na deni la milioni 2.5.

Binamu yangu mtaji wake uliisha kabla ya miezi mitatu. Siku hizi anaendesha pikipiki ya mtu, jioni anapeleka hesabu. Hatukulizungumzia sana. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea, nikakuta chini ya kitanda kibubu cha mbao, kipya, kimepigwa misumari pande zote. Nikamuuliza ni cha nini. "Pikipiki," akasema. Kisha akacheka kidogo. "Na wewe usikitingishe, kaka. Nitataka kujua ziko ngapi, halafu nitakivunja."

Nikakiacha palepale.